Darwin na Kitendawili cha Jicho

Jina la Charles Darwin halitajwi barazani pasipo kuzuka ubishi. Ila, umkubali usimkubali, bwana huyo alikuwa na sifa moja iliyo adimu: hakuificha hoja iliyomwelemea.

Alizaliwa Shrewsbury, Uingereza, tarehe 12 Februari 1809, mwana wa tabibu. Alipelekwa Edinburgh kusomea utabibu, ukamshinda, kwani hakustahimili kutazama upasuaji. Akapelekwa Cambridge ili awe kasisi, ukasisi nao hakuushika. Mwishoni mwa 1831 alisafiri kwa meli iitwayo Beagle, akazunguka dunia kwa karibu miaka mitano akikusanya wadudu, ndege, mawe na mifupa.

Kitabu chake juu ya asili ya viumbe kilitoka Novemba 1859. Humo alieleza kwamba viumbe hugeuka kidogo kidogo, na mwenye jambo la kumfaa huishi akalirithisha kwa wanawe. Je, na jicho? Chombo chenye mboni, lenzi na utando wa kupokea nuru kitazukaje kwa mageuzi madogo madogo? Aliyeuliza hivyo kitabuni ni Darwin mwenyewe, akakiri kuwa ukilitazama mara ya kwanza, jambo hilo laonekana upuuzi mtupu. Mwaka 1860 alimwandikia rafiki yake wa Marekani, Asa Gray, kwamba jicho lilikuwa lingali likimtia baridi mwilini.

Jibu lake ni lile la wahenga wetu: haba na haba hujaza kibaba. Kwanza ni doa tu la kuhisi mwanga na giza. Doa likibonyea kama kikombe, mnyama hujua nuru yatoka upande gani. Mdomo wa kikombe ukibana, sura ya kitu huanza kuonekana. Mwisho ni lenzi. Ngazi hizo zingalipo: konokono wengine wa mwambani wana vikombe tu, ilhali pweza ana jicho lenye lenzi. Mwaka 1994 wataalamu wawili wa Uswidi, Nilsson na Pelger, walikadiria kuwa safari nzima yaweza kwisha kwa vizazi visivyofika 400,000.

Uzeeni Darwin aliwafuga nyungunyungu vyunguni, chumbani mwake, akiwamulika taa usiku. Aliona kuwa hawana macho, lakini nuru ikiwapiga upande wa kichwa hurudi shimoni. Hayo aliyaandika katika kitabu chake cha mwisho, 1881. Alifariki tarehe 19 Aprili 1882, akazikwa Westminster Abbey, London.

Funzo aliloliacha kwa wasomi ni hili: mwenye hoja na aitaje mwenyewe kasoro yake, kabla mpinzani hajamtajia.