John Tyndall: Mpima ardhi aliyefichua siri ya joto la hewa

NIKIINGIA darasani kufundisha jiografia huwa naanza na swali moja. Kama jua ndilo linalopasha hewa joto, kwa nini kilele cha Karisimbi, kilicho karibu zaidi na jua, kina baridi kali kuliko soko la Gisenyi huku chini? Darasa zima hunyamaza. Mmoja au wawili hujibu kuwa ni upepo. Siwashangai, maana hata sisi tuliosoma ukimbizini nchini Tanzania tulichorewa jua ubaoni na mishale inayoshuka kupasha hewa, tukanakili daftarini na mtihani tukafaulu.

Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya mwanga wa jua hupita hewani bila kuipasha sana. Hutua juu ya ardhi na maji, na ardhi ikishapata joto ndiyo inayolirudisha juu: kwa kuigusa hewa iliyo jirani nayo, kwa mvuke unaopanda, na kwa mionzi ambayo jicho haliioni. Kwa hiyo hewa hupata joto kutoka chini, kama maji ya sufuria iliyotelekwa jikoni. Hewa hiyo ikipanda hutanuka na kupoa, na kwa wastani joto hupungua nyuzi 6.5 hivi kwa kila mita 1,000. Ndiyo maana mlimani kuna baridi.

Lakini ile mionzi isiyoonekana huenda wapi? Mtu wa kwanza kuipima barabara maabarani, gesi moja baada ya nyingine, ni John Tyndall.

Tyndall alizaliwa Agosti 2, 1820, katika mji mdogo wa Leighlinbridge, jimbo la Carlow, nchini Ireland. Baba yake alikuwa polisi, na fedha za kumpeleka mwanawe chuo kikuu hakuwa nazo. Mwaka 1839 kijana huyo aliajiriwa na idara ya serikali ya upimaji ardhi, na mwaka 1842 akahamishiwa Uingereza. Huko yeye na wenzake walilalamikia mishahara duni na jinsi walivyotendewa. Mwaka 1843 akafukuzwa kazi. Walimu wenzangu wanaosoma ukurasa huu nadhani hawahitaji maelezo zaidi.

Baadaye alipima njia za reli, kisha mwaka 1847 akawa mwalimu katika shule ya Queenwood, Hampshire. Mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 28, alifunga mizigo na kwenda Marburg, Ujerumani, pamoja na mwalimu mwenzake Edward Frankland. Alisoma kwa akiba yake mwenyewe, kwa lugha ya kigeni, chini ya mkemia mashuhuri Robert Bunsen. Mwaka 1850 alipata shahada ya udaktari. Mwaka 1853 akateuliwa kuwa profesa katika taasisi ya Royal Institution jijini London, alikokuwa Michael Faraday.

Kilichomwingiza katika suala la joto la hewa ni barafu. Kuanzia mwaka 1856 alikuwa akienda milima ya Alps kuchunguza jinsi mito ya barafu inavyosogea. Wakati huo wataalamu walikwisha kubaini kwamba zamani barafu ilifunika sehemu kubwa ya Ulaya, ila hawakujua ni kitu gani kiliileta na kuiondoa. Mfaransa Joseph Fourier alikuwa ameeleza tangu mwaka 1824 kwamba huenda hewa huruhusu mwanga wa jua kuingia kwa urahisi kuliko inavyoruhusu joto la ardhi kutoka. Hilo lilikuwa wazo tu, hapakuwa na kipimo.

Mwaka 1859 Tyndall alitengeneza kipimo hicho. Alichukua bomba refu la shaba ya njano, zaidi ya mita moja. Upande mmoja aliweka chombo cha maji yanayochemka, na upande wa pili kifaa kinachogeuza joto kuwa umeme, kilichounganishwa na sindano inayocheza kila umeme unapobadilika. Ncha za bomba hakuziziba kwa kioo, kwani kioo chenyewe huzuia mionzi ya joto. Alitumia vipande vya chumvi ya mawe vilivyosuguliwa vikang'aa. Kisha aliondoa hewa yote bombani, akaingiza gesi moja moja na kuitazama sindano.

Mwanzoni sindano haikumwambia kitu. Joto lililozuiwa na gesi lilikuwa dogo mno mbele ya joto lote lililopita. Akaongeza chombo cha pili cha maji ya moto upande wa nyuma wa kifaa, ili pande mbili zilingane kama mizani na sindano isimame kwenye sifuri. Sasa tofauti ndogo tu ikaitikisa.

Aliyoyaona hayakutegemewa. Oksijeni na naitrojeni, ambazo ndizo karibu hewa yote, ziliiacha mionzi ipite kana kwamba bomba ni tupu. Hewa ya ukaa, iliyo kidogo sana angani, iliizuia. Mvuke wa maji nao uliizuia: siku moja ya Novemba alikuta kwamba mvuke uliokuwamo katika hewa ya London ulinasa joto mara nyingi kuliko hewa yenyewe.

Mkulima wa kwetu anaijua habari hiyo kwa ngozi yake. Usiku wa Julai, mbingu ikiwa nyeupe na hewa kavu, ardhi hupoteza joto upesi na alfajiri mtu hutetemeka. Usiku wa mvua na mawingu blanketi moja latosha. Tyndall alieleza vivyo hivyo kuhusu jangwa la Sahara, ambako mchana huunguza na usiku huwa baridi.

Haki itendeke hapa. Mwaka 1856, miaka mitatu kabla yake, mwanamke wa Marekani, Eunice Foote, aliweka mirija ya gesi juani na kuona kwamba wenye hewa ya ukaa ulipata joto zaidi na ulichelewa kupoa. Taarifa yake ilisomwa mkutanoni na mwanamume, kisha ikasahaulika hadi mwaka 2011. Hakuitenga mionzi ya ardhi na mwanga wa jua, jambo alilolifanya Tyndall, wala hakuna ushahidi kwamba Tyndall aliiona kazi hiyo. Lakini kusahauliwa kwa zaidi ya miaka 150 hakukumstahili.

Enzi za Tyndall hewa ya ukaa ilikuwa chini ya sehemu 300 katika kila milioni. Leo imepita 420. Yeye alitafuta chanzo cha barafu ya kale. Hakuwa akiwaza moshi wa viwanda. Ni Msweden Svante Arrhenius ambaye mwaka 1896 alikokotoa joto lingepanda kiasi gani hewa hiyo ikiongezeka.

Mwaka 1861, mwaka aliochapisha vipimo vyake, Tyndall na waongozaji wawili walikuwa watu wa kwanza kufika kileleni Weisshorn, Uswisi. Mlima huo una mita 4,506. Karisimbi wetu una 4,507, na yote miwili imepewa jina kwa weupe wake. Wanafunzi wangu hupenda sana sehemu hii.

Alioa akiwa na miaka 55, mwaka 1876. Mkewe, Louisa Hamilton, alimsaidia kazini. Uzeeni alisumbuliwa na tumbo na kukosa usingizi, akawa anatumia magnesia kwa tumbo na klorali kwa usingizi. Desemba 4, 1893, nyumbani kwao Hindhead, Louisa alichanganya chupa, akampa klorali nyingi badala ya magnesia. Tyndall alifariki dunia siku hiyo hiyo.

Louisa aliishi miaka 47 zaidi, akikusanya barua na shajara za mumewe ili maisha yake yaandikwe. Alifariki mwaka 1940. Kitabu kilitoka mwaka 1945.