Padre Horner na Shamba la Bagamoyo

Mkulima wa Busale, huko Kyela, apandapo mche wa kakao chini ya kivuli cha migomba, hatazamii kuvuna mwaka ule ule. Mpunga wa bondeni utamlisha baada ya miezi michache, bali kakao humdai miaka 3 au zaidi ya kupalilia bila kupata hata senti moja. Wengi huchoka njiani. Basi yatufaa kuyakumbuka maisha ya Padre Antoine Horner, aliyejifunza saburi ya namna hiyo katika pwani yetu.

Horner alizaliwa mwaka 1827 huko Alsace, Ufaransa. Akiwa padre wa Shirika la Roho Mtakatifu, aliwahudumia wenye ukoma kisiwani Réunion, kisha mwaka 1863 akafika Unguja. Nia yake ilikuwa kuipeleka Injili bara. Lakini bara ilikuwa mbali, nazo homa zilikuwa kali. Mwaka 1868 akaanzisha misioni ya Bagamoyo, mahali ilipoishia misafara ya watumwa na pembe za ndovu. Yeye na wenzake waliwakomboa watoto kutoka utumwani, wakawapa makao, mafundisho na kazi ya shamba. Pori likafyekwa, minazi ikapandwa, ingawa mnazi hauzai kabla ya miaka 5 au 6.

Haukupita muda mrefu, kipindupindu kikaenea pwani na kuua watu wengi. Tena, mwezi wa Aprili 1872, tufani kuu ikavuma, ikaibomoa misioni, na huko Unguja ikaangusha mikarafuu isiyohesabika. Kazi ya miaka 4 ikawa magofu. Mwenye pupa angalifunga mizigo yake. Horner na wenzake wakajenga upya, wakashika majembe, wakapanda tena.

Hata watoto wale hawakukua wote kama walivyotumainiwa. Wengine walianzisha jamaa za Kikristu, wengine wakaondoka wasirudi. Na ile njia ya bara aliyoitamani haikufunguka hata mwaka 1877, misioni ya Mhonda ilipoanzishwa katika milima ya Nguru, miaka 14 baada ya kufika kwake. Miaka 3 baadaye akafariki Ufaransa, hajafikisha miaka 60, mbali na shamba alilolianza. Mavuno waliyapata wengine.

Enyi wazazi, saburi si kukaa umekunja mikono. Saburi ni kulirudia jembe baada ya tufani. Mtoto asiyesikia leo, usimng'oe moyoni mwako kama mche uliochelewa kuzaa. Mpalilie kwa sala, kwa mfano mwema na kwa maonyo ya upole. Kupanda ni kazi yetu. Kukuza ni kwa Mungu, naye hana haraka kama sisi.