Rebmann na Mlima Mweupe

Watoto, mtu akiwaambia kwamba ameona maji juu ya mlima, meupe, magumu, wala hayatiririki, je, mtamsadiki? Johannes Rebmann alisema hivyo, na wengine wakamcheka.

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika mji mdogo wa Gerlingen, nchi ya Ujerumani. Mwaka 1846 alifika Mombasa kufundisha dini, akakaa Rabai pamoja na mwenzake Krapf.

Tarehe 27 Aprili 1848 alishika njia kwenda nchi ya Wachaga. Kiongozi wake alikuwa Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyezijua njia zote. Rebmann hakuchukua bunduki, alichukua mwavuli tu. Tarehe 11 Mei, asubuhi, aliona kitu cheupe kikimetameta juu ya mlima mrefu. Kwanza alidhani ni wingu. Alipomwuliza kiongozi, akajibiwa kwamba ile ni baridi. Hapo Rebmann akafahamu. Ilikuwa theluji, kama ile aliyoijua kwao tangu utoto. Mlima huo ni Kilimanjaro.

Watu wengine walidhani ni fedha. Lakini Wachaga walijua kwamba kitu hicho kikiletwa chini hugeuka maji.

Maana yake nini? Maji yana hali tatu. Yakipata baridi kali, ya digrii 0, huganda yakawa barafu ngumu. Yakipata joto huwa maji ya kunywa na ya kuoga. Yakichemka motoni hupanda hewani yakawa mvuke. Jina na sura hubadilika, lakini ni maji yale yale. Tazameni mawese nyumbani. Asubuhi ya baridi huwa mazito chupani. Mama akiyatia katika sufuria ya moto huyeyuka mara moja.

Habari za Rebmann zilichapishwa London mwaka 1849. Bwana mmoja mwenye elimu, jina lake Cooley, alizikataa. Aliona haiwezekani theluji kukaa karibu na ikweta, penye jua kali. Cooley hakufika kule hata siku moja. Alisoma vitabu tu. Hakukumbuka kwamba mtu akipanda juu, baridi huzidi. Kilimanjaro na Uvira ziko karibu sawa kwa umbali kutoka ikweta. Lakini ziwa letu lina urefu wa meta 770 hivi juu ya bahari, na kilele cha Kilimanjaro kina meta 5,895.

Rebmann hakubadili neno lake. Mwaka 1862 von der Decken na Kersten walipanda mlima ule mpaka zaidi ya meta 4,000, na theluji ikawaangukia. Hivyo ukweli ulionekana. Mwaka 1889 Meyer na Purtscheller walifika kileleni, wakakanyaga barafu yenyewe. Leo barafu ile imepungua sana.

Lakini Rebmann naye alikosea jambo moja. Yeye na Erhardt waliwauliza wasafiri habari za bara, wakachora ramani yenye ziwa moja kubwa mno. Kumbe yalikuwa maziwa matatu, na moja ni Tanganyika. Burton na Speke walikuja kutafuta ukweli wa ramani hiyo, na mwaka 1858 wakafika Uvira kwa mitumbwi.

Rebmann alikaa Afrika miaka 29 bila kurudi kwao. Mwishoni macho yake yalipofuka. Mwaka 1875 alirudi Ulaya, akiongozwa na Isaac Nyondo wa Rabai. Alikufa Korntal tarehe 4 Oktoba 1876. Macho yake yalikuwa yamezimika, lakini neno aliloliona lilikuwa limekwisha kusadikiwa.

Maswali
1. Taja hali tatu za maji.
2. Kwa nini Cooley alikosea?
3. Kwa nini Kilimanjaro ina barafu, na Uvira haina?