Alfred Binet na kipimo kilichogeuzwa

Ikiwa kuna msomi ambaye kazi yake iligeuzwa ikawa kinyume cha nia yake, basi ni Alfred Binet, Mfaransa aliyezaliwa mjini Nice mwaka wa 1857.

Binet alisomea sheria, kisha akaiacha na kujifunza saikolojia peke yake katika maktaba ya taifa mjini Paris. Alipojiunga na hospitali ya Salpêtrière, alitetea majaribio ambayo baadaye yalidhihirika kuwa na kasoro: wagonjwa walifanya yale waliyohisi daktari anayatarajia. Binet alikiri kosa hilo hadharani, na tangu hapo akawa mwangalifu mno wa vipimo.

Nyumbani aliwachunguza binti zake wawili, akaona kila mmoja ana njia yake ya kufikiri. Mwaka wa 1894 alichapisha utafiti kuhusu mabingwa wa sataranji na wa hesabu za kichwani. Jacques Inaudi, aliyekuwa mchungaji utotoni, alizikumbuka tarakimu kwa kuzisikia. Périclès Diamandi alizikumbuka kwa kuziona mawazoni. Kumbe hata ustadi unaoonekana mmoja una mizizi tofauti.

Mwaka wa 1905, Binet na Théodore Simon walitunga mtihani wenye sehemu 30. Kusudi lake lilikuwa kuwatambua watoto waliohitaji mafunzo maalumu ili wasaidiwe. Binet alizungumzia kiwango alichofikia mtoto, wala si kipawa kisichobadilika. Aliamini kwamba akili hunolewa, akahimiza mazoezi ya kuinoa.

Alifariki mwaka wa 1911. Mwaka uliofuata, Mjerumani William Stern alipendekeza kiwango hicho kigawanywe kwa umri, na mtoto akawa nambari. Istilahi ilipobadilika, maana nayo ikabadilika. Kuanzia mwaka wa 1917, jeshi la Marekani liliwapima askari zaidi ya 1,700,000 kwa mitihani ya aina hiyo ili kuwapangia kazi. Waajiri nao wakafuata. Hata vijana waliotaka kucheza katika ligi ya NFL ya Marekani walipewa maswali 50 ya kujibiwa kwa dakika 12, hadi zoezi hilo lilipoachwa mwaka wa 2022.

Walimu wenzangu, Binet aliuliza mtoto asaidiwe vipi. Waliomrithi wakauliza nani aachwe nje. Tunaposahihisha karatasi za wanafunzi wetu, sisi tunauliza swali la nani?