Comenius: Mkimbizi Aliyeutazamia Mji wa Milele

Katika toleo hili tunamkumbuka mtumishi wa Mungu aliyeishi ukimbizini zaidi ya miaka 40, akafa bila kuiona tena nchi yake.

Jan Amos Comenius alizaliwa mwaka 1592 huko Moravia, ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Alifiwa na wazazi akiwa bado mtoto. Baadaye akawa mwalimu na mchungaji wa kanisa la Umoja wa Ndugu, akaoa, akahudumu katika mji wa Fulnek.

Mwaka 1620 majeshi ya Waprotestanti yalishindwa vitani karibu na Prague, na mateso yakaanza. Comenius akawa anajificha huku na huko. Mwaka 1622 tauni ikamchukua mke wake na watoto wao wawili. Katika majonzi hayo aliandika kitabu juu ya msafiri anayezunguka dunia yote, asipate raha popote mpaka anapomkuta Kristo moyoni mwake.

Mwaka 1628 alivuka mpaka na wenzake, wakapokelewa katika mji wa Leszno, nchini Poland. Walingoja kurudi nyumbani. Mwaka 1648 mkataba wa amani ulitiwa sahihi, lakini haukuwafungulia mlango. Kisha mwaka 1656 vita vikaufikia Leszno, mji ukachomwa moto. Nyumba yake iliteketea pamoja na maandishi yake, likiwemo kamusi la lugha yake alilolishughulikia zaidi ya miaka 40. Alikuwa na umri wa miaka 64. Akakimbia tena, mpaka Amsterdam, Uholanzi.

Je, alikata tamaa? La. Mwaka 1658 kilichapishwa kitabu chake cha picha cha kuwafundishia watoto, kikatumika Ulaya kwa vizazi vingi. Tumaini la mbinguni halikumfanya akae akikunja mikono. Kwa kuwa hazina yake haikuwa Leszno, moto wa Leszno haukuweza kuimaliza. Alilala katika Bwana mwezi Novemba 1670, akazikwa Naarden.

Mbegu yake haikufa. Mwaka 1722 wakimbizi wengine kutoka Moravia walianza kujenga kijiji cha Herrnhut, Ujerumani, na humo kanisa lile likafufuka. Mwaka 1891 wamisionari wake walifika Rungwe, na leo Kanisa la Moravian lina waumini wengi Tanzania.

Wapendwa, sisi nasi hatujui kama kesho ni kurudi, kuhamishwa au kubaki. Tusome Waebrania 11:13-16, tuone kwamba Mungu haoni haya kuitwa Mungu wa watu wasafiri. Basi tusiache kuwafundisha watoto wetu, kulima na kuombeana, huku tukiutazamia mji ambao hakuna vita vitakavyoufikia.

Mungu awabariki. Amina.