Marehemu Mohamed Amin na Somo la Kamera ya Sanduku

Wasomaji wetu wa pwani walio na umri wa kutosha hawajalisahau jina la Mohamed Amin. Ndiye mpiga picha aliyewaonyesha walimwengu njaa ya Ethiopia mwaka 1984, na ndiye aliyefariki dunia mwaka 1996 ndege ilipoanguka baharini karibu na Ngazija. Wengi humkumbuka kwa mambo hayo mawili makubwa. Mimi leo nataka kumkumbuka kwa jambo dogo zaidi, nalo ni jinsi alivyoanza. Sababu yangu ni kwamba nami nimeingia kuisoma kazi hiyo ukubwani, na wa kunifunzia ni binti yangu mwenye umri wa miaka mitatu.

Mimi ni mtu wa Mombasa, lakini riziki imenileta bara. Nauza leso na vitambaa katika masoko ya Kisii, Keroka na Nyamira, nchi ya milima, migomba na mashamba ya chai, ambako mvua hunyesha alasiri nyingi kuliko zile isizonyesha. Mke wangu na mtoto tunaishi nao mjini Kisii. Mama yangu yuko Mombasa, magoti hayamruhusu tena safari ya mbali, na mjukuu wake huyu hajapata kumtia machoni. Aliniomba kitu kimoja tu, picha nzuri ya mtoto iliyo kwenye karatasi, kwa kuwa zile nilizomtumia kwa simu hazioni vyema. Basi nikanunua kamera kuukuu, nikidhani kazi yenyewe ni kubonyeza kifungo tu.

Kumbe sivyo! Kisii iko karibu sana na mstari wa Ikweta, na saa sita mchana jua huwa juu ya utosi. Picha zangu za kwanza zilimtia mtoto vivuli vyeusi chini ya nyusi hata akaonekana kama aliyepigwa ngumi za macho. Nyingine zilikuwa ukungu mtupu, maana mtoto hatulii. Nyingine nilizipiga nikiwa nimesimama wima, na mtoto akatoka kichwa kikubwa na miguu kama vijiti. Nilikaribia kukata tamaa. Ndipo nikaanza kuyafuatilia maisha ya Mohamed Amin, nikitafuta alijifunza wapi.

Alizaliwa tarehe 29 Agosti, 1943, katika mtaa wa Eastleigh, Nairobi. Baba yake alikuwa fundi mwashi kutoka Punjab aliyekuja Afrika ya Mashariki kufanya kazi katika shirika la reli. Nyumba yao haikuwa ya matajiri. Mohamed alipokuwa bado mdogo, baba alihamishiwa Dar es Salaam na jamaa yote ikamfuata. Huko ndiko yule kijana alikojipatia kamera yake ya kwanza, kamera kuukuu ya sanduku iitwayo Brownie.

Huenda vijana wa leo hawajaiona kamera hiyo. Kampuni ya Kodak ilianza kuiuza Marekani mwaka 1900 kwa dola moja, na iliikusudia hasa watoto na watu wasiojua lolote. Ilikuwa kisanduku chenye lenzi moja isiyobadilika na kifungo kimoja. Aliyeishika hakuwa na la kurekebisha. Hakuweza kusogeza lenzi, wala kuongeza au kupunguza kasi yake apendavyo. Zile zilizoenea baadaye zilitoa picha nane tu kwa mkanda mmoja wa filamu, na filamu ilinunuliwa kwa fedha. Kwa hivyo mwenye Brownie alilazimika kufanya yale yaliyo nje ya kamera. Ilimpasa aangalie jua linatoka wapi, apime kwa macho hatua zilizopo baina yake na mtu, amngoje mtu huyo atulie, kisha ndipo abonyeze. Akikosea, picha moja kati ya nane imekwenda.

Nilipolifahamu jambo hilo niliona haya kidogo. Kamera yangu mimi hupiga picha mia bila gharama, nami nilikuwa nikizipiga zote mia bila kufikiri hata mara moja. Basi nikajiwekea sharti kwamba kila siku nipige picha nane tu, kana kwamba nina mkanda mmoja wa filamu. Nikamtoa mtoto juani nikamkalisha mlangoni, ndani kidogo ya kizingiti, mahali mwanga wa nje unapomfikia usoni lakini jua lenyewe halimgusi. Nikakaa chini sakafuni, macho yangu yawe sawa na yake. Nikagundua pia kwamba yale mawingu ya Kisii niliyoyalaumu ni neema. Kabla ya mvua ya alasiri anga lote hutandwa kama shuka jeupe, na vivuli vikali vyote huondoka usoni.

Lakini turudi kwa marehemu. Akiwa shuleni Dar es Salaam alijifunza kusafisha filamu na kuchapisha picha katika chumba cha giza, na kabla hajawa mtu mzima alikuwa amekwisha kuanza kuyauzia magazeti picha zake. Mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka ishirini tu, alianzisha mjini humo kampuni yake mwenyewe, Camerapix. Januari ya mwaka uliofuata yalitokea mapinduzi ya Unguja, naye akavuka bahari kwenda kupiga picha. Mwaka 1966 picha zilimponza. Alitiwa jela huko Unguja karibu mwezi mzima, na alipotoka alifukuzwa nchini. Akarudi Nairobi alikozaliwa, akaanza upya.

Jumamosi ya tarehe 5 Julai, 1969, Waziri Tom Mboya alipigwa risasi mchana katika barabara ya Government Road, ambayo siku hizi ni Moi Avenue. Amin alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kufika, akaingia na sinema yake hata ndani ya gari la wagonjwa lililomchukua Mboya. Kazi ile ilimpatia tuzo Uingereza, na tangu siku hiyo jina lake likajulikana katika ofisi za habari za ng'ambo. Wengine walimlaumu kwa kumkaribia mno mtu aliye katika kukata roho. Lawama hiyo inastahili kufikiriwa, nami nitairudia.

Sisi Waislamu wa pwani tuna sababu nyingine ya kumkumbuka. Mwaka 1978 kilitoka kitabu chake kikubwa cha picha juu ya Hija ya Makka. Kwa wazee wetu wengi ambao uwezo haukuwafikisha huko, kitabu kama kile kilikuwa njia ya kuyaona mahema ya Mina na umati wa Arafa. Wako baina yetu wasiopenda picha za watu zitundikwe ukutani, na mama yangu ni mmoja wao. Hata hivyo sijapata kusikia mzee aliyeambiwa atazame picha ya Al-Kaaba akageuza uso.

Kisha ukaja Oktoba 1984. Mohamed Amin na mtangazaji wa BBC, Michael Buerk, walifika Korem na Mekele, kaskazini mwa Ethiopia, ambako ukame na vita vilikuwa vimewakusanya watu kwa maelfu wakingoja chakula ambacho hakikuja. Alfajiri ile ilikuwa ya baridi. Watu walikuwa wamelala chini penye vumbi, wengine wamejifunika shuka moja mama na wanawe, na wengine hawakuamka tena. Tarehe 23 Oktoba filamu hiyo ilionyeshwa Uingereza, na baada ya hapo katika nchi nyingi za dunia. Wanamuziki wakatunga nyimbo za kuchanga fedha, na tarehe 13 Julai, 1985, zikafanyika zile tamasha kubwa za London na Philadelphia zilizojulikana kama Live Aid. Habari za njaa ile zilikuwa zimeandikwa kabla yake. Watu hawakushtuka mpaka walipoziona nyuso.

Ukizitazama picha za Korem leo utaona kwamba hazina ufundi wa kujionyesha. Mwanga ni ule wa asubuhi uliokuwapo. Kamera iko chini, karibu na aliyelala. Amekaa mbele ya mtu, hakumnyatia kwa mbali. Hilo ni somo la kamera ya sanduku, ambayo ilimnyima mwenyewe njia yoyote ya kumleta karibu mtu aliye mbali. Ukitaka uso, enda wewe. Na hapa ndipo lawama ya mwaka 1969 inapopata sehemu ya jibu lake, ingawa si jibu zima. Kukaribia peke yake hakumpi mtu haki ya kupiga picha. Haki hiyo, kama ipo, hutokana na kile picha itakachomfanyia yule aliyepigwa. Picha za Korem ziliwaletea wenyewe chakula.

Gharama yake ilikuwa kubwa. Mwezi wa Juni 1991, mjini Addis Ababa, ghala la silaha lililipuka naye yuko karibu akipiga picha. Mwenzake, John Mathai, fundi wake wa sauti, aliuawa, na Amin akapoteza mkono wa kushoto. Watu walidhani kazi imekwisha. Akatiwa mkono wa bandia, akajifunza tena kushika kamera, na haukupita muda mrefu akarudi kazini. Alikuwa na umri wa karibu miaka arobaini na minane, akawa mwanafunzi mara ya pili.

Tarehe 23 Novemba, 1996, alipanda ndege ya Ethiopia kutoka Addis Ababa kuja Nairobi. Watu watatu waliiteka nyara wakamtaka rubani awapeleke Australia, safari ambayo mafuta yaliyokuwamo yasingeweza kuimaliza. Mafuta yalikwisha, na ndege ikaangukia baharini karibu na ufuo wa Ngazija. Watu 125 kati ya 175 walifariki dunia, naye akiwa mmoja wao, mwenye umri wa miaka 53. Filamu inayoonyesha ndege ile ikigusa maji na kuvunjika haikupigwa na mtu wa kazi hiyo. Ilipigwa na mtalii aliyekuwa ufukoni na kamera ya nyumbani. Maisha yaliyoanza na kamera ya asiyejua yalimalizikia mbele ya kamera ya namna hiyohiyo.

Aliacha mtoto mmoja, Salim, ambaye aliishika kampuni ya baba yake. Mwaka 2006 Salim alitoa filamu iitwayo Mo & Me, yaani habari za babake na zake mwenyewe. Humo mwana anamsifu babake kwa mengi, lakini hafichi kwamba safari zile zote zilimnyima baba. Mtu aliyewaona watoto wa nchi nyingi kiasi kile hakuwa na siku nyingi za kumwona wake.

Habari hiyo ilinichoma kuliko zote, na sababu ninaijua. Siku za gulio la Nyamira huondoka nyumbani mtoto amelala na kurudi jua limezama. Jumapili nikiwapo, kitu cha kwanza nilichokuwa nikifanya ni kuitoa kamera. Baada ya wiki chache nikaona binti yangu akiiona kamera tu hukimbilia nyuma ya mamake. Mke wangu akanieleza bila kuficha kwamba mtoto haiogopi kamera, ila amechoka kutazamwa na mtu asiyecheza naye. Nilinyamaza, maana sikuwa na la kujibu.

Jumapili iliyofuata kamera niliiacha mezani. Tulikaa mlangoni mimi na yeye, tukamenya ndizi mbivu, tukahesabu magari yanayopanda mlima. Akanionyesha jinsi ya kumlaza mwanasesere wake wa kitambaa, kile nilichomshonea mamake kwa vipande vya leso. Mawingu yakatanda. Karibu na alasiri yeye mwenyewe akaniuliza kamera iko wapi. Nikaichukua, nikapiga picha tatu, sikuzimaliza hata zile nane zangu. Katika ya pili alikuwa ameinua uso kunitazama mimi, si kamera, na mwanga wa mlangoni ulikuwa ndani ya macho yake yote mawili.

Picha ile niliichapisha nikaitia katikati ya kitabu ili isikunjike, nikampa abiria ninayemwamini aliyekuwa akiteremka Mombasa. Mama alinipigia simu usiku ule ilipofika. Alisema lile paji la uso ni la bibi yangu mzaa mama, ambaye hakuacha picha hata moja duniani, na kwamba sasa anaweza kumwona tena. Ukutani hakuitundika. Ameiweka katika sanduku lake, pamoja na hati za nyumba na ubani, na huitoa akitaka.

Binti yangu naye siku hizi huniomba kifungo akibonyeze yeye. Juzi alinipiga picha moja, na imetoka nusu ya kanzu, mkono mmoja, na kichwa kimekatwa juu ya pua, lakini mdomo unaonekana, nami ninacheka. Mama ameniagiza nayo nimpelekee.

Mwenyezi Mungu amrehemu Mohamed Amin, na awarehemu wote waliozama pamoja naye.