Mohamed Amin: Jicho kwanza, kamera baadaye

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Tukitafuta mpiga picha wa Afrika Mashariki aliyeiishi methali hiyo, hatuendi mbali na Mohamed Amin wa Kenya.

Amin alizaliwa Eastleigh, Nairobi, Agosti 29, 1943, na akakulia Dar es Salaam. Kamera yake ya kwanza ilikuwa Box Brownie ya mtumba: kisanduku chenye lenzi moja isiyorekebishika, na filamu ya picha nane tu. Kamera ya namna hiyo haimfanyii mtu kazi. Mpigaji mwenyewe ndiye anayesogea mbele au nyuma, anayetafuta mwanga na kutuliza mkono. Akiharibu picha moja, zimebaki saba.

Mwaka 1963, akiwa na takriban miaka 20, alianzisha kampuni ya Camerapix jijini Dar es Salaam. Mwaka uliofuata alikuwa Zanzibar akirekodi mapinduzi.

Kazi inayokumbukwa zaidi ni ya Oktoba 1984. Akiwa na mtangazaji wa BBC Michael Buerk, alifika Korem, kaskazini mwa Ethiopia, ambako maelfu walikuwa wakifa njaa. Kamera zamu hii ilikuwa ya televisheni, lakini za aina hiyo walikuwa nazo wapiga picha wengi duniani. Amin alipiga picha alfajiri, jua likichomoza juu ya umati uliojikunyata kwa baridi, na akaiacha kamera itulie kwenye nyuso za watu. Taarifa hiyo ilirushwa na mamia ya vituo. Misaada ikamiminika, na Julai 1985 likafanyika tamasha la Live Aid.

Je, vifaa havina maana? Vina maana, na maisha ya Amin yanathibitisha. Juni 1991, ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Mwenzake, fundi sauti John Mathai, aliuawa, naye Amin akapoteza mkono wa kushoto. Alitengenezewa mkono wa bandia uliomwezesha kushika kamera, na baada ya miezi michache akarudi kazini. Bila kifaa hicho angeshindwa kuibeba kamera. Hata hivyo, wapi pa kusimama na lini pa kubonyeza aliamua mwenyewe.

Alifariki Novemba 23, 1996, ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara ilipoishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwemo, 125 walipoteza maisha.

Leo tunawasikia vijana wengi wakisema wataanza kupiga picha wakipata kamera ya mamilioni. Simu iliyo mfukoni mwao inaizidi mbali ile Box Brownie. Tunawashauri waanze na hiyo: wajifunze mwanga, wamsogelee mtu kwa heshima, wasubiri. Kamera ya bei itawakuta tayari wanajua la kufanya nayo.